Inshirah na Ufa wa Ghorofa ya Tatu

Mtu anayepima ngazi zisizo zake ana lake jambo. Inshirah alilijua hilo kabla hata hajamaliza kumenya kitunguu. Alikuwa kwenye benchi lake, mlangoni pa jengo namba kumi na mbili pale mtaa wa Daher, sufuria ya mlenda inachemka ndani ya chumba chake cha chini ya ngazi, wakaingia wawili. Msichana wa nywele fupi, suruali imechanika magotini kama mtu aliyeburuzwa na punda. Na kijana mrefu, kashika futi ya chuma, ile ya mafundi inayojikunja yenyewe. Hawakuuliza fulani anakaa wapi. Msichana akasimama katikati ya ukumbi, akatengeneza kidirisha kwa vidole, akachungulia ukuta kupitia humo, jicho moja kafumba kama mlenga bunduki. Kijana akaanza kupima upana wa ngazi na kuandika.

"Na nyinyi pia, waaleikum salaam," Inshirah akasema.

Msichana akashtuka. "Samahani, Hajati. Tunaangalia tu."

"Mie sijahiji bado, usinipe cheo cha bure. Niite Mama Sabir. Mnamtafuta nani?"

"Hatumtafuti mtu. Tunautafuta ukuta."

Sasa we niambie, jibu gani hilo la kumpa bawabu? Inshirah akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye gauni, akasimama. Ni mfupi, lakini akisimama mlangoni mlango unajaa.

Wapo watakaokwambia mama huyu ana roho ya kutu. Waongo. Kaa wewe mlangoni miaka thelathini na moja tuone roho yako itakuwa na rangi gani. Aliletwa kutoka mkoani Sohag akiwa na miaka kumi na tisa, kaolewa na Abdel Mawgud, bawabu wa jengo hilihili. Akamzalia watoto wanne kwenye chumba ambacho ukinyoosha miguu unafungua mlango. Mume alipokufa, wapangaji walikutana wakasema watafute bawabu mwanamume. Siku ya pili walipoamka, ngazi zimefagiliwa toka juu mpaka chini, takataka zimeshuka, na Inshirah yuko kwenye benchi na ufunguo wa lango shingoni. Hakuna aliyethubutu kumwambia inuka.

Kazi ya mlango ameisomea hapohapo. Aliwahi kumfungia msoma mita ya gesi kwenye lifti mbovu saa mbili nzima, kisa viatu vyake vilikuwa vizuri mno kwa kazi ile. Kumbe alikuwa msoma mita wa kweli, kavaa viatu vya harusi ya dada yake. Mtaa mzima ukacheka. Baada ya mwezi akaja mwingine, viatu vimechoka inavyotakiwa, kitambulisho kifuani. Inshirah akamnyima mlango vilevile. Yule akaenda namba tisa, na bangili za dhahabu za mke wa mfamasia hazijaonekana mpaka leo. Kicheko kikaisha hapo.

Kwa hiyo alipowaona hawa wawili, macho yake hayakwenda usoni. Yalikwenda kwenye futi.

Maana futi kama ile iliingia humo mwaka uliopita. Mwenye jengo, Bwana Tolba, aliyerithi namba kumi na mbili kwa babu yake na kulichukia tangu siku hiyo, alileta watu wake wapime, wapige picha, wagonge kuta kwa nyundo ndogo. Wapangaji ni wa zamani, kodi yao ya enzi za babu, na hawatoki. Njia ni moja tu: jengo liandikwe bovu. Likiandikwa bovu linashushwa, na pale pale panapanda mnara wa ghorofa kumi na nne wenye duka la simu chini. Namba kumi na nne ilikwenda hivyohivyo. Wapangaji wake waliondoka na kitu mkononi, maana wana karatasi za upangaji. Bawabu wake, Bekhit, hakuwa na karatasi. Aliondoka na godoro kichwani, na Inshirah alimsindikiza mpaka kona kwa macho. Hajamwona tena.

Yeye naye karatasi hana. Ana chumba cha chini ya ngazi, na chumba kipo jengo likiwepo.

"Tunasoma chuo cha filamu," msichana akaeleza. "Mimi naitwa Mirhan, huyu Luai, ndiye mshika kamera. Hii ni filamu yangu ya kumalizia masomo, fupi tu, dakika kumi na mbili. Tumezunguka majengo ishirini na tatu, hakuna ukuta kama wa ghorofa yenu ya tatu. Ule ufa, Mama Sabir, ule ufa ni mwigizaji."

"Umeuonea wapi?"

"Mwenyewe alituonyesha. Bwana Tolba. Katupa na ruhusa." Akatoa karatasi mbili zilizobanwa pembeni.

Inshirah kusoma kwake ni kwa kubahatisha, herufi moja leo nyingine kesho. Lakini sahihi ya Tolba anaijua, ile yenye mkia mrefu kama wa panya. Akaitazama karatasi, akamtazama binti.

"Kakutoza nini?"

"Hajatutoza kitu. Kasema anapenda sanaa."

Tolba, mtu aliyeng'oa balbu ya ngazi ya pili ili wapangaji wachangishane wenyewe. Anapenda sanaa. Inshirah akarudi kwenye kitunguu chake, na kisu kilikuwa kinakata kwa kasi kuliko mwanzo.

*

Wiki nzima wakawa wanakuja kupanga. Si kushuti, kupanga tu, na hilo ndilo lililomkera zaidi, maana mtu anayepanga sana anaficha sana. Walichora ngazi kwenye daftari, picha ndogondogo za miraba, kila mraba na namba yake. Walibandika tepu nyekundu sakafuni, hapa msalaba, pale msalaba. Luai alisimama saa nzima anatazama mwanga unavyoteremka kutoka dirisha la juu, anaandika: saa tatu na nusu unafika hapa, saa nne unafika pale.

"Mwanga una ratiba?" Inshirah akamuuliza.

"Una ratiba kuliko treni, mama."

"Na hii misalaba?"

"Ya mwigizaji. Ajue asimame wapi, asitoke kwenye picha."

"Mtu mzima hajui pa kusimama mpaka achorewe."

Luai akacheka. Inshirah hakucheka. Akiwapelekea chai anakaa ngazi tatu chini yao, anajifanya anapangusa reli ya ngazi. Reli ile haijawahi kung'aa vile.

"Filamu yenyewe inahusu nini?" siku moja akamuuliza Mirhan uso kwa uso.

"Binti anaishi na babu yake. Kila siku akirudi shule anautazama ufa ukutani, anaona unakua. Babu anamwambia haukui. Basi."

"Na mwisho? Jengo linaanguka?"

"Hatuonyeshi. Mtu atajaza mwenyewe."

"Atajaza mwenyewe," Inshirah akarudia. Anawajua watu wanaopenda kujaza wenyewe. Na anajua wanajaza nini.

Alhamisi wakashuti. Saa mbili asubuhi taa zimesimama kwenye vyuma, nyaya zimetambaa toka kwa Mzee Wagdi wa ghorofa ya tatu, aliyewapa umeme kwa sababu mwigizaji wa babu alikuwa na masharubu kama ya marehemu kaka yake. Binti mwigizaji kavaa sare ya shule. Mirhan anasema kimya, kila mtu anatulia, Luai anasema inarekodi, binti anapanda ngazi nne, anasimama kwenye msalaba, anatazama ukuta. Kata. Tena. Kata. Tena. Mara kumi na moja mtu anapanda ngazi nne zilezile. Inshirah alisimama pembe ya ngazi na ufagio, akahesabu.

Mchana ndipo alipoona.

Msichana mmoja wa kupamba mandhari alitoa kibakuli, akakoroga jasi, akapachika donge la duara katikati ya ufa, upana wa kiganja. Akalikausha kwa kifaa cha kukaushia nywele. Halafu akachukua penseli akaandika juu yake tarehe. Inshirah herufi zinampiga chenga, lakini namba anazisoma vizuri tu, na tarehe ile ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Kisha Luai akashika msumari, akagonga taratibu mara mbili, na donge likapasuka katikati, sawasawa juu ya ufa.

"Nzuri sana," Mirhan akasema. "Isogelee. Nataka tarehe isomeke."

Damu ikampanda Inshirah mpaka masikioni. Mtu mwingine angedhani wanachezea udongo. Yeye sivyo. Mafundi wa majengo, wakitaka kujua kama ufa unatembea au umelala, hupachika jasi vile na kuandika siku. Jasi haina urafiki. Ukuta ukisogea unywele mmoja, inakatika. Ukutani kwa Mzee Wagdi, upande wa pili wa ufa uleule, zipo tatu. Mzee alikagua madaraja ya reli maisha yake yote, akazipachika mwenyewe mwaka ambao bomba la bafu la juu lilipasuka na kuloweka ukuta. Miaka tisa, hazijapata hata mkwaruzo. Ndizo zilizowatimua watu wa Tolba mwaka jana. Mzee aliwavuta mikono mmojammoja akawaonyesha.

Na sasa, nje, jasi ya uongo yenye tarehe ya uongo imepasuliwa kwa msumari, na kamera inaisogelea.

Hapo Inshirah, ambaye hajawahi kumeza neno tangu azaliwe, akalimeza. Akashuka na ufagio wake. Jioni walipoondoka, akapanda kwa Mzee Wagdi.

"Wamepachika yao," akasema mlangoni. "Imevunjika. Ina tarehe ya mwezi wa pili."

Mzee akatoka na ndara, akavaa miwani, akaitazama ile jasi kwa muda mrefu. "Hii imegongwa," akasema. "Ona, vumbi la msumari hili hapa."

"Mimi nimeona, na wewe umeona. Picha inaona msumari?"

Mzee akaipapasa jasi kwa kidole.

"Si nakuuliza, Mzee Wagdi. Picha inaona msumari?"

"Haioni," mzee akasema.

*

Ijumaa wanafunzi hawakuja. Inshirah alianza kazi jua likiwa bado changa na kufikia adhana ya adhuhuri alikuwa amemaliza. Alibandua lile donge kwa kisu cha vitunguu. Akapanua ufa kidogo kwa mwiko wa marehemu, akaupangusa, akaulowesha, akaujaza jasi na mchanga kama Abdel Mawgud alivyomfundisha, akaulainisha kwa ubao. Kisha akapaka chokaa ukuta mzima toka ngazi ya pili mpaka mlango wa Mzee Wagdi, mara tatu. Misalaba ya tepu akaing'oa yote. Alipomaliza, mikono nyeupe mpaka viwiko, alikaa ngazini akautazama ule ukuta. Ulikuwa kama mtindi.

Jumamosi saa mbili, Mirhan alikuwa wa kwanza kupanda. Inshirah alikuwa chini anasikiliza. Alisikia viatu vinapanda, vinapanda, vinasimama. Halafu viatu vinashuka, mbio.

"Nani kafanya vile?"

"Vipi?"

"Mama Sabir, usinifanyie hivyo. Ukuta. Nani kapaka ukuta?"

"Mimi. Ulikuwa mchafu."

Mirhan akashika kichwa. Alikuwa na miaka ishirini na mbili lakini pale alionekana na kumi na mbili. "Unajua umefanya nini? Nusu ya filamu yangu ina ufa. Nusu nyingine ndiyo nilikuwa nashuti leo. Binti anapanda ngazi, ufa upo, anageuka, ufa haupo. Haiungi. Kamera ni ya chuo, inarudi Jumatatu. Kazi inatakiwa baada ya siku kumi na mbili, nisipoipeleka narudia mwaka. Baba yangu alishasema, mwaka ni mmoja tu, ukirudia unarudi Mansoura kuuza vitambaa dukani kwake. Nimekukosea nini?"

"Jasi."

"Jasi gani?"

"Usinizuge, binti. Mie nimezeeka kwenye mlango huu. Tolba kakutuma upachike jasi ya uongo, upige picha, jengo liandikwe bovu. Kakuahidi nini? Kazi kwenye televisheni?"

Luai akaingia katikati. "Mama, ile ni pambo tu. Kwenye skripti babu ndiye aliyeipachika..."

"Wewe mwenye futi nyamaza. Na wewe ndiye uliyeshika msumari."

"Hakuna aliyenituma," Mirhan akasema, na sauti sasa ilikuwa ya hasira, si ya kilio. "Wewe ni mtu wa ajabu. Tumekunywa chai yako wiki nzima, kumbe ulikuwa unatuchunguza."

"Ulidhani nakupendea macho?"

Mzee Wagdi alikuwa ameshashuka na ndara zake kwa zile kelele. Hakugombeza mtu. Alinyoosha mkono tu. "Ile ruhusa, mwanangu. Niione."

Mirhan akaitoa begini akaitupa benchini. Mzee akasoma ukurasa wa kwanza, midomo inacheza. Akafungua wa pili. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena, akasoma kwa sauti polepole: kwamba mwongozaji atamkabidhi mwenye jengo nakala ya picha zote zinazoonyesha hali ya ukuta na ufa, bila kukatwa, na mwenye jengo ana hiari ya kuzitumia popote aonapo inafaa.

"Hii ulisoma?" mzee akauliza.

"Nilisoma. Alisema ni kumbukumbu ya jengo la babu yake." Mirhan akasema hivyo, na kabla sentensi haijafika mwisho uso wake ulibadilika. "Ana mtu wake, Shukri. Kanipigia Alhamisi mara tatu. Anauliza, vipi, mmeshashuti ufa, unaonekana vizuri. Mimi nikadhani..."

"Ulidhani anapenda sanaa," Inshirah akasema.

Nje muuza gesi alikuwa anapita anagonga mitungi kwa spana, na kila mtu akangoja apite kana kwamba ndiye mwenye zamu ya kusema.

Kama unadhani hapo Inshirah alilainika, humjui. Kujua kwamba mtu ni mjinga si sawa na kujua kwamba si mwizi. Mjinga anaweza kukubomolea nyumba vizuri tu. Akanyoosha kiganja.

"Nipe picha za Alhamisi."

"Ziko kwenye kadi."

"Nipe kadi."

"Nikikupa sina filamu."

"Usiponipa mie sina nyumba. Hesabu mwenyewe."

Luai akasema wanaweza kufuta mbele yake, aone. Inshirah akasema simu ya mwanawe Sabir ilifutwa picha zote kule Kuwait, fundi akazirudisha kwa dakika tano, hata zile ambazo mkewe hakutakiwa kuziona. Luai akasema kadi ni mali ya chuo. Inshirah akasema na ukuta ni mali ya nani? Wakafika hapo wakakwama. Mirhan akakaa ngazi ya kwanza, akakumbatia begi, akautazama mlango wa lifti. Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Inshirah hakumtoa jicho hata kidogo, maana wapo wanaokaa kimya wakifikiri na wapo wanaokaa kimya wakitunga.

"Luai," binti akasema mwishowe. "Kama akirudi shule akakuta ukuta mweupe?"

"Nani?"

"Binti. Anatoka asubuhi, anarudi, hakuna ufa. Pamepakwa. Anamuuliza babu, ufa uko wapi. Babu anamwambia, ufa gani?"

Luai akamtazama. "Na tangu mwanzo hatuuoni?"

"Hatuuoni hata mara moja. Anautafuta kwa mkono tu. Anapapasa chokaa." Alikuwa ameshatoa daftari, anachora miraba juu ya miraba, penseli inakwaruza. "Hatuhitaji kitu cha Alhamisi. Hata kimoja. Siku mbili zinatosha."

"Binti ana mtihani wa kweli Jumapili mchana," Luai akasema.

"Asubuhi basi. Mwanga wako unafika saa tatu na nusu, si ulisema?"

Inshirah aliwasikiliza wanavyoongea haraka haraka, mmoja anamalizia la mwenzake, na kitu ndani yake kikamwambia hawa wanasema kweli, na kingine kikamwambia waigizaji ndivyo wanavyokuwa. Akakisikiliza hicho cha pili. "Kadi," akasema.

Mirhan akafungua kamera, akachomoa kipande cheusi kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, akakiweka kwenye kiganja cha Inshirah. "Chuoni nitasema imepotea."

Inshirah akaenda nacho chumbani, akakitia kwenye kinu cha kitunguu saumu, akakitwanga mbele yao mpaka kikawa makombo. Luai alifumba macho kama anayechinjiwa mbuzi wake.

"Sasa nitajuaje kama huna nakala nyingine?" Inshirah akauliza.

"Hutajua, mama."

*

Wakashuti Jumamosi na Jumapili, kwa kadi tupu aliyoazima Luai. Safari hii Inshirah hakukaa pembe ya ngazi. Alikaa mlangoni, na Mirhan akisema kimya juu, chini nako kunakuwa kimya, kwa sababu muuza gesi alipogeuka kuingia mtaani alikutana na mama mfupi katikati ya barabara ameinua ufagio. Watoto wa namba tisa walicheza mpira mtaa wa pili. Wapangaji waliongoja kupanda nyumbani kwao walingoja. Usidhani alikuwa anawasaidia. Alitaka wamalize waondoke.

Jumatatu asubuhi, vyuma vya taa vikiwa vimefungwa kamba na Luai kapeleka kamera chuoni, akaja Shukri. Viatu vyake vilimfika Inshirah kabla yake, vinang'aa hata huwezi kuvitazama. Mkononi ana kile kifaa kidogo cha kuhifadhia picha.

"Bwana Tolba anasalimia," akamwambia Mirhan. "Nimefuata nakala."

"Nimekuandalia."

Mirhan akafungua kompyuta yake juu ya benchi la Inshirah. Shukri akainama. Inshirah akaendelea kufagia, lakini alikuwa anafagia pale pale, kigae kimoja. Kwenye kioo binti wa sare alipanda ngazi, akasimama, akaweka kiganja kwenye ukuta mweupe kama mtindi. Mirhan akafungua picha nyingine. Ukuta mweupe. Nyingine. Babu mwenye masharubu mbele ya ukuta mweupe.

"Ufa uko wapi?" Shukri akauliza.

"Filamu imebadilika."

"Imebadilika." Shukri akajiinua, akakunja koti lake vizuri. Sauti yake ikawa laini, na ufagio ukasimama, kwa sababu Inshirah anaujua ulaini wa aina hiyo. "Dada, Alhamisi nilikupigia. Uliniambia mmeushuti, unaonekana mpaka kwenye vinyweleo. Hukusema hivyo?"

Hapo ndipo palipokuwa na kila kitu. Chumba cha chini ya ngazi, reli, ufunguo wa shingoni, miaka thelathini na moja, vyote vilining'inia kwenye mdomo wa mtoto wa watu mwenye suruali iliyochanika. Inshirah aliutazama mdomo ule kama anavyotazama viatu. Ulikuwa umekauka. Ulijilamba.

"Nilisema," Mirhan akajibu. "Sikutaka kukuudhi. Alhamisi tulifanya mazoezi tu, hatukurekodi. Mpigie mwalimu wangu ukitaka, muulize kama kuna picha za Alhamisi. Atakwambia hakuna."

Shukri akakitia kifaa chake mfukoni. Kisha akapanda. Walimsikia ghorofa ya tatu anagonga ukuta kwa pete ya kidoleni, hapa, pale, hapa. Alisikika Mzee Wagdi akifungua mlango na kumkaribisha ndani aone jasi zake, na Shukri akisema hapana, ana haraka. Aliposhuka alikuwa na chokaa kwenye mkono wa koti.

"Nani kapaka juu?"

"Bawabu anapaka, bawabu anafagia, bawabu anafungua mlango," Inshirah akasema. "Nikufungulie?"

Akamfungulia. Shukri alisimama kizingitini kidogo, kama mwenye neno, akaona bora alipeleke kwa Tolba, akaenda zake huku anajifuta mkono wa koti, na kila akifuta doa linatanuka.

Mirhan alishusha pumzi akakaa kwenye benchi. Inshirah akamletea chai, sukari vijiko vitatu, akamwekea na mkate wa moto na maharage. Akamngoja anywe nusu glasi. Akamngoja atafune.

"Umesema vizuri," akamwambia.

"Niliogopa mno."

"Haikuonekana. Unajua kudanganya, mashallah."

Mirhan akacheka, mdomo umejaa.

"Ndiyo maana," Inshirah akasema, akavuta begi la binti kulileta katikati ya benchi, "fungua tuone."

"Mama Sabir."

"Fungua."

Kicheko kikamwisha binti mdomoni. Akamtazama mama kuona kama ni utani. Haukuwa utani. Akafungua zipu, akaanza kutoa kimoja kimoja: daftari la miraba, tepu nyekundu, nyaya, kitana, nusu ya biskuti, leso, penseli mbili. Inshirah alikifungua kila kitu kinachofunguka. Daftari alilitikisa kichwa chini. Begi lilipokuwa tupu alitia mkono akapapasa mishono ya ndani, pole pole, pembe zote nne.

"Imani yako kwangu iko wapi?" Mirhan akamuuliza. Sasa alikuwa anatafuna tena.

"Iko nyumbani Sohag, inafuga kuku," Inshirah akasema. "Haya, na mifuko ya suruali."